Mashine Haijawahi Kuua Muziki, Ila Kila Ikija Kuna Mtu Analala Njaa

Ukizurura TikTok usiku lazima ukutane nayo. Wimbo uliokuwa wa kuruka umegeuzwa wa taratibu, kinanda kinalia kwa mbali, na sauti ya mama mtu mzima inaimba kama imebeba msiba wa miaka 20. Unasikiliza mpaka mwisho, mwili unasisimka. Unatafuta jina la mwimbaji. Hakuna. Hakuna mama, hakuna kinanda, hakuna studio. Kuna mtu kaandika sentensi mbili kwenye simu, kasubiri kidogo, mzigo ukatoka.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wa upande huu wanasema huo sio muziki, mashine haijawahi kuachwa na mpenzi, itaimbaje mapenzi? Wa upande ule wanasema acheni ushamba, wimbo mzuri ni mzuri, sikio halina haja ya kujua nani kapika. Na kila mtu anaongea kana kwamba dunia haijawahi kuona kitu kama hiki.

Imeona. Kesi hii ina zaidi ya miaka 100, na imesikilizwa mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Ukiifuatilia tangu mwanzo unagundua jambo moja: swali la "huu ni muziki au sio muziki" huwa linajijibu lenyewe. Swali ambalo huwa linasahaulika ni la pili, nani kalipwa na nani kaachwa. Na wanaoachwa karibu siku zote ni watu ambao majina yao hayajawahi kuandikwa kwenye kava.

1906: Karatasi yenye matundu

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Marekani, kitu kilichokuwa kinawatoa watu jasho hakikuwa kompyuta. Kilikuwa piano inayojipiga yenyewe. Ndani yake unaweka karatasi ndefu iliyokunjwa kama jamvi, imetobolewa matundu. Hewa ikipita kwenye tundu, kitufe kinashuka. Unakanyaga pedali kwa miguu, nyumba nzima inasikia muziki, na wewe hujui hata noti moja. Pembeni yake kulikuwa na gramafoni na santuri zake.

Mwaka 1906 mtunzi maarufu wa nyimbo za gwaride, John Philip Sousa, akaandika makala kali kwenye jarida akisema muziki wa mashine ni hatari. Hofu yake ilikuwa kwamba watoto wataacha kujifunza vyombo, na mama hatamwimbia mtoto tena kwa sababu mashine itafanya hiyo kazi. Yaani maneno yale yale unayoyasoma leo kuhusu AI, badilisha tu mwaka.

Cha kuchekesha, bendi iliyobeba jina lake ilikuwa tayari imerekodi santuri kibao. Kwa hiyo mzee hakuwa mshamba wa teknolojia. Ukisoma vizuri unaona kilichokuwa kinamuuma zaidi: kampuni zilikuwa zinachukua tungo za watu, zinazitoboa kwenye karatasi, zinauza, na mtunzi hapati hata senti.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1908 majaji wakasema karatasi yenye matundu sio nakala ya wimbo, kwa sababu binadamu hawezi kuisoma kwa macho. Kampuni zikashinda, watunzi wakatoka mikono mitupu. Lakini kelele hazikuzimika, na mwaka uliofuata, 1909, Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya: kila nakala ya mashine, mtunzi alipwe senti 2.

Senti 2 sio mkwanja wa maana, na kiwango hicho hakikubadilika mpaka 1978. Lakini shika hilo tukio, maana ndio mfano wa yote yaliyofuata. Mashine haikuzuiwa. Ililipishwa. Na haikulipishwa kwa huruma ya kampuni, ililipishwa kwa sababu watunzi walipiga kelele bila kuchoka.

Sasa angalia nani hakuwemo kwenye hiyo sheria. Mtunzi kapata senti zake 2. Yule mpiga piano aliyekuwa anaitwa kwenye sherehe Jumamosi, na sasa haitwi tena kwa sababu nyumba imenunua piano inayojipiga, hakupata kitu. Hata jina lake hatulijui.

1927: Sinema inaanza kuongea

Kabla ya 1927 sinema zilikuwa bubu. Picha zinatembea, maneno yanaandikwa kwenye skrini, na chini ya jukwaa anakaa mtu na piano anapiga kufuatana na picha. Kwenye majumba makubwa ilikuwa bendi nzima. Mapenzi, fidla. Mbio za farasi, ngoma. Hiyo ilikuwa ajira ya kudumu, ya kila usiku, ya maelfu kwa maelfu ya wanamuziki. Mtu analea familia kwa kupiga muziki gizani, watu wakiwa wanamwangalia mtu mwingine kwenye skrini.

Oktoba 1927 ikatoka The Jazz Singer, filamu ndefu yenye sauti za kuimba na kuongea ndani yake. Watu wakapagawa. Ndani ya miaka michache majumba ya sinema yakafunga spika na kuwaaga wanamuziki. Kwa hesabu ya chama chao, American Federation of Musicians, kazi kama 22,000 zilipotea Marekani pekee. Kazi mpya za kurekodi muziki wa filamu zilikuwepo, lakini zilikuwa mamia tu.

Mwaka 1930 chama kikanunua matangazo kwenye magazeti. Picha zake ukiziona leo utadhani zimechorwa kwa ajili ya AI: roboti la chuma linapiga kinubi, roboti linamwimbia binti chini ya dirisha, roboti linasaga vyombo vya muziki. Ujumbe ulikuwa ule ule, usikubali muziki wa kopo, roboti halina roho.

Haikusaidia. Watu waliendelea kujaza sinema zenye sauti. Na ukweli usemwe, sinema yenye sauti ilikuwa nzuri, na muziki wa filamu ukawa sanaa kubwa. Lakini chama kilikuwa kimekosea hesabu. Kilijaribu kumwambia mtazamaji kwamba anachokipenda hakina thamani. Hakuna mtu aliyewahi kushinda ugomvi na masikio ya watu.

1942: Studio zinanyamaza

Miaka 12 baadaye chama kikabadili mbinu. Safari hii hakikuenda kwa msikilizaji, kilienda kwa wenye pesa.

Redio zilikuwa zimeanza kupiga santuri badala ya kuita bendi. Baa zilikuwa zimeweka mashine ya kupiga santuri kwa sarafu. Mwanamuziki anaingia studio mara moja, analipwa mara moja, halafu ile santuri inazunguka nchi nzima inamnyang'anya kazi yeye mwenyewe. Kiongozi wa chama, James Petrillo, akasema basi. Kuanzia tarehe 1 Agosti 1942, wanachama wote wakagoma kurekodi kwa ajili ya kampuni za santuri. Katikati ya Vita Kuu ya Pili, na serikali ikimnunia.

Kampuni zilijaribu kuziba pengo. Kwa kuwa waimbaji hawakuwa wanachama kama wapiga vyombo, waliitwa studio kuimba na kwaya nyuma yao, hakuna hata gitaa. Wengine wanasema hapo ndipo mwimbaji alipoanza kumpita kiongozi wa bendi kwa umaarufu. Mgomo ulikuwa na gharama kwa waliogoma.

Ila Decca ilikubali yaishe mwaka 1943, na Novemba 1944 kampuni mbili kubwa zilizobaki zikasalimu amri. Makubaliano yalikuwa hivi: kila santuri ikiuzwa, kampuni inaweka kiasi kwenye mfuko, na mfuko huo unawalipa wanamuziki kupiga muziki wa bure kwa wananchi, kwenye bustani, shule na hospitali.

Tafakari hiyo kidogo. Waliopata pesa za mfuko sio mastaa. Walikuwa wapiga tarumbeta na fidla wa kawaida, wale wale wasiojulikana. Ni moja ya mara chache kwenye historia hii yote ambapo mashine ililazimishwa kumlisha mtu iliyemtoa kazini.

1980: Sanduku la ngoma

Twende mbele. Mwaka 1980 kampuni ya Japani, Roland, ikatoa mashine ya ngoma inaitwa TR-808. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mwanamuziki asiye na mpiga drams. Tatizo ni kwamba haikusikika kama drams. Kiki yake ilikuwa ni mvumo tu wa umeme, makofi yake kama mtu anapasua karatasi. Wengi waliiona kituko. Ilitengenezwa kama 12,000 hivi, na ilipofika 1983 uzalishaji ukasimamishwa.

Mwaka 1982 kule Uingereza, tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki likapitisha azimio la kutaka sinthesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Uongozi wa taifa haukulifuata, lakini inaonyesha jinsi hofu ilivyokuwa kubwa. Na hofu haikuwa ya kijinga. Wanamuziki walikuwa wameona mastaa wakienda kwenye ziara na sinthesaiza mahali palipokuwa na watu wa kupiga vyombo.

Kilichotokea hakuna aliyekitabiri. Kwa kuwa 808 ilikataliwa na wakubwa, ikaishia maduka ya vitu vilivyotumika kwa bei ya kutupa. Vijana wasio na hela ya kukodi bendi wakazinunua. Marvin Gaye aliitumia kwenye Sexual Healing mwaka 1982. Hip hop ikaibeba mgongoni. Leo prodyuza yeyote wa Sinza au Umoja akisema "weka 808", hamaanishi hata mashine, anamaanisha ile besi nzito inayotikisa vioo vya daladala. Sauti iliyoonekana feki imekuwa sauti ya kizazi.

Wanaotetea AI wanaupenda sana mfano huu, na wana haki ya kuutumia. Lakini kuna jambo wanaliruka. 808 haikusikilizwa nyimbo za mpiga drams yeyote ili ijifunze kumwiga. Sauti zake zilitengenezwa na saketi za umeme. Ilichukua nafasi ya mtu, haikuchukua kazi yake aliyokwisha kuifanya. Hiyo ya kuchukua kazi yenyewe ilikuja na teknolojia nyingine.

Sekunde sita za Gregory Coleman

Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi wimbo unaitwa Color Him Father. Wimbo ukafanya vizuri, ukapata na tuzo ya Grammy. Upande wa pili wa santuri, ule ambao watu hawaugeuzi, waliweka wimbo usio na maneno wa kujazia nafasi, Amen, Brother. Katikati ya huo wimbo bendi inanyamaza, mpiga drams anabaki peke yake kwa sekunde kama 6 hivi. Anaitwa Gregory Coleman.

Miaka ya 1980 zikaja mashine za kukata kipande cha sauti kutoka kwenye santuri na kukirudia rudia. Mtu akazigundua zile sekunde 6. N.W.A wakazitumia kwenye Straight Outta Compton mwaka 1988. Kule Uingereza vijana wakazikatakata, wakaziongeza mwendo, wakajenga juu yake aina nzima za muziki, jungle na drum and bass. Leo zimo ndani ya maelfu ya nyimbo, matangazo, vipindi vya televisheni. Hakuna mtu wa mjini ambaye hajawahi kuzisikia, ila ni wachache wanajua wamezisikia.

Coleman alifariki mwaka 2006. Kwa maelezo ya kiongozi wa bendi yake, alikufa hana makazi na hana kitu. Hakuwahi kulipwa mrabaha wowote kwa zile sekunde 6. Kiongozi wa bendi, mwenye hakimiliki, naye hakulipwa, na alipokuja kujua, muda wa kwenda mahakamani ulikuwa umempita. Mwaka 2015 mashabiki wa Uingereza wakamchangia pauni 24,000 kama shukrani. Coleman alikuwa kaburini miaka 9.

Je, jungle na drum and bass sio muziki? Ni muziki, tena mtamu. Vijana walioutengeneza hawakuwa wezi kwa nia, walikuwa wabunifu wa hatari. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja: sanaa mpya ilizaliwa, na aliyeizaa alikufa njaa. Mwaka 1991 mahakama ya Marekani ilikuja kuamua kesi moja ya hip hop na kuwaambia wasanii wazi kwamba kukata kipande cha mtu bila ruhusa ni wizi. Baada ya hapo kila kipande kikawa cha kuombewa na kulipiwa. Kwa Coleman, treni ilikuwa imeshaondoka.

Na huku kwetu: muziki wa kihuni

Mtu akidhani hizi ni habari za Wazungu, aulize wazee wa dansi.

Miaka ya 1960 mpaka 1980 mwanamuziki wa Tanzania alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, ilibeba jina la shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Bendi moja ilikuwa na magitaa matatu, besi, drams, tumba, safu ya matarumbeta na saksafoni, na waimbaji wanne watano. Watu zaidi ya 15 wanakula kupitia wimbo mmoja.

Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kijana mmoja wa mjini akachukua mdundo wa Ice Ice Baby wa Vanilla Ice, akaimba rap ya Kiswahili juu yake. Angalia mnyororo wenyewe: mdundo ule wa Vanilla Ice nao besi yake ilikuwa imetoka kwa Queen na David Bowie. Kwa hiyo rap ya Kiswahili imepiga hatua zake za mwanzo juu ya kipande kilichokatwa kutoka kwenye kipande kilichokatwa.

Redio binafsi zikafunguliwa, studio ndogo zikaota, kinanda kimoja na kompyuta moja vikaanza kufanya kazi ya watu 15. Wakubwa wakauita muziki wa kihuni. Wakasema hawa watoto hawajui hata kushika gitaa, wanabonyeza vitufe, huu upepo utapita. Haukupita. Bongo Fleva ikawa ajira ya maelfu ya vijana na ikavuka mipaka. Msondo na Sikinde nao hawakufa, bado wana watu wao. Lakini mpiga tarumbeta kijana hakupata tena pa kuajiriwa. Hakuna aliyemfukuza. Simu tu iliacha kuita.

Kwenye taarab ikawa hivyo hivyo. Kule Zanzibar vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa vilikaa na safu ya fidla, udi, ganuni na akodioni. Ilipokuja taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, kinanda cha umeme kikabeba sehemu kubwa ya huo mzigo. Halafu watoto wa Tandale na Manzese wakachukua vipande vya hiyo hiyo taarab, wakavizungusha kwenye kompyuta ya bei rahisi, wakavikimbiza mara mbili ya mwendo wake, wakapata singeli. Leo singeli inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya, na wenyewe wanashangaa jinsi kitaa kilivyotoa kitu kama kile.

Singeli ni jibu tosha kwa anayesema mashine inaua ubunifu. Kompyuta haikujua Tandale ni wapi. Haikujua kigodoro, haikujua mshenga wala mtaro. Watoto wa pale walijua, wakaipigisha mashine lugha yao. Ila jiulize pia, yule aliyepiga kinanda kwenye kile kipande cha taarab kinachozunguka mpaka asubuhi, anajua kama yuko kwenye singeli?

Sasa tufike kwenye AI yenyewe

Kompyuta kutunga muziki sio jambo la juzi. Mwaka 1957 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson, walikamilisha muziki uliotungwa kwa kutumia kompyuta yao, unaitwa Illiac Suite. Tofauti ni kwamba wao walimpa mashine kanuni za muziki, na kilichotoka kilipigwa na binadamu wanne wenye fidla na vyombo vya nyuzi. Mashine ilitunga, watu wakapiga.

AI ya sasa haifundishwi kanuni. Inalishwa nyimbo. Nyimbo nyingi kiasi kwamba inaanza kukisia kitu gani hufuata kipi. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki za Marekani zilizishtaki Suno na Udio, programu mbili zinazotengeneza nyimbo kwa maandishi. Suno kwenye majibu yake mahakamani haikukataa. Ilikiri kwamba mafunzo yalihusisha makumi ya mamilioni ya rekodi, karibu kila muziki wenye ubora wa kueleweka unaopatikana kwenye intaneti, ikajitetea kwamba hayo ni matumizi halali kisheria.

Kwa hiyo hii sio 808. Hii ni sekunde sita za Coleman, ila safari hii kwa kila mtu aliyewahi kurekodi, na vipande vimesagwa laini mpaka huwezi kuonyesha kidole na kusema hapa ni pangu.

Mwisho wa 2025 baadhi ya kampuni zikaanza kupatana. Universal ikamalizana na Udio Oktoba, Warner ikamalizana na Suno Novemba. Jioni moja maadui, asubuhi washirika. Kampuni kubwa zimeshakaa mezani. Wapiga gitaa wa sesheni na waimba viitikio watapata ngapi kwenye huo mgao, hilo ndilo swali la 1906 limerudi na nguo mpya.

Wakati huo huo mafuriko yamefika. Jukwaa la Deezer la Ufaransa lilitangaza Novemba 2025 kwamba linapokea nyimbo kama 50,000 kila siku zilizotengenezwa na AI tupu, zaidi ya theluthi ya kila kinachopandishwa. Utafiti wao uliowahoji watu 9,000 kwenye nchi 8 ulionyesha asilimia 97 hawawezi kutofautisha. Katikati ya mwaka huo huo bendi moja isiyo na mtu hata mmoja ndani yake, The Velvet Sundown, ilifikisha wasikilizaji zaidi ya milioni 1 kwa mwezi kule Spotify.

Kwa nini hilo limuume msanii ambaye hajaibiwa wimbo wowote? Kwa sababu ya jinsi majukwaa mengi yanavyolipa. Pesa zote za mwezi zinaingia chungu kimoja, halafu zinagawanywa kwa idadi ya kusikilizwa. Kila wimbo hewa unaosikilizwa unachota kijiko kutoka chungu kile kile. Septemba 2024 kuna mtu alishtakiwa Marekani, akidaiwa kupandisha nyimbo za AI mamia kwa maelfu, akaziweka roboti zisikilize, na kuvuna zaidi ya dola milioni 10. Pesa hizo hazikutoka mbinguni. Zilitoka kwenye chungu cha wasanii.

Na haki iwekwe wazi, AI hiyo hiyo imefanya mambo mazuri. Mwaka 2023 ilitumika kuitenganisha sauti ya John Lennon na kelele za piano kwenye kanda mbovu ya miaka ya 1970, na wenzake wawili wa The Beatles waliobaki hai wakaumalizia wimbo, Now and Then. Ukachukua Grammy mwaka 2025. Sauti ilikuwa ya mwenyewe, familia yake iliridhia, na waliomalizia ni rafiki zake. Chombo ni kile kile, ila kila mtu anajulikana.

Nani analala njaa safari hii?

Mastaa watakuwa salama. Watu hawaendi uwanjani kumuona staa kwa sababu ya noti tu, wanaenda kwa sababu ya yule mtu, maisha yake, skendo zake, siku aliyoimba akilia. Hakuna anayenunua tiketi kwenda kuangalia laptopu.

Anayeguswa ni yule aliyeko nyuma. Dada anayeimba viitikio studio tatu kwa wiki. Jamaa anayetunga nyimbo za matangazo ya sabuni na sembe redioni. Mpiga gitaa anayeitwa kuweka "ladha kidogo" halafu jina lake linasahaulika. Prodyuza wa uchochoroni anayeuza biti kwa vijana wanaoanza. Mtunzi wa nyimbo za harusi zenye majina ya bwana na bibi. Hizo ndizo kazi ambazo mteja alikuwa hamtafuti staa, anatafuta kitu kikae vizuri na kwa haraka. AI inakikalisha vizuri, kwa haraka, na bure.

Tena hao ndio shule. Karibu kila staa alipita huko. Aliimba nyuma ya mtu, akafanya jingo, akauza mistari. Ukiikata ngazi ya chini, juu watapandaje?

Sheria nazo zinajikongoja. Marekani imeshikilia kwamba kazi isiyo na mkono wa binadamu haina hakimiliki. Kenya, kwenye sheria yake ya 2001, ilishasema kazi iliyotengenezwa na kompyuta ni ya yule aliyefanya mipango ya kuiwezesha. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyoandikwa wakati muziki ulikuwa unauzwa kwenye kaseti. Zote zinajibu swali la nani mwenye wimbo uliotoka. Swali la nyimbo zilizoingia, zile ambazo mashine ilizila ndipo ikajua kuimba, ndilo bado linaelea.

Historia imeshaonyesha njia ipi inafika. Walioenda kumtukana msikilizaji mwaka 1930 walishindwa. Waliotaka kupiga marufuku mwaka 1982 walichekwa. Waliodai senti 2 walizipata mwaka 1909, na waliogoma kwa pamoja mwaka 1942 waliupata mfuko. Coleman alikuwa peke yake, na hakupata kitu.

Kwa hiyo msanii wa kitaa anayelalamika kwamba AI haina roho, hajakosea, ila anapiga ngumi ukutani. Aandikishe kazi zake. Kabla ya kuondoka studio aache makubaliano ya maandishi, hata kama kaimba kiitikio tu cha sekunde 10. Ajiunge na wenzake. Mashine inaogopa hesabu, haiogopi matusi.

Na wewe msikilizaji, siku ukikutana na ile sauti ya mama usiku, ipende tu kama imekugusa, masikio hayana kosa. Lakini sauti ile ilijifunza kulia kutoka kwa mama fulani wa kweli, aliyesimama kwenye studio fulani, akalipwa nauli, akapanda gari akarudi nyumbani. Nani anamdai nani hapo?